Maswali ya Wasomaji: Aliyoyaona Mmarekani Ujerumani

Katika toleo lililopita tulichapisha maelezo mafupi ya mwalimu mmoja wa Texas aliyerejea kutoka Ujerumani, alikopita Cologne, Munich na Berlin. Alistaajabia maduka kufungwa Jumapili, chupa tupu kuwa na bei, vibao vidogo vya shaba vilivyozikwa njiani, na zaidi ya yote treni kuchelewa katika nchi aliyodhani inaendeshwa kwa sekunde. Barua zilizotufikia ni nyingi, na tumechagua nne.

Mwalimu huyo anasema alikaa na njaa Jumapili nzima Cologne kwa kuwa maduka ya vyakula yalifungwa, akahitimisha kwamba Wajerumani ni wacha Mungu kuliko Wamarekani. Shemeji yangu anayeishi Hamburg anasema makanisa ya huko ni matupu. Tumsadiki nani? (Msomaji, Tanga)

Shemeji yako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa kanisa nalo limo katika habari hii. Maduka ya Ujerumani hayafungwi Jumapili kwa sababu mwenye duka amekwenda ibadani. Yanafungwa kwa sababu sheria inataka hivyo, na sheria yenyewe imeegemea katiba. Ibara ya 139 ya Katiba ya Weimar, katiba ya Ujerumani ya mwaka 1919, iliilinda Jumapili, pamoja na sikukuu zinazotambuliwa na dola, kuwa siku ya kupumzika kazi na kujenga roho, na Sheria ya Msingi ya mwaka 1949, yaani katiba ya sasa, ilipoandikwa, maneno hayo hayakutungwa upya bali yalichukuliwa kama yalivyo kupitia ibara ya 140. Ndiyo maana mfanyabiashara anayetaka kufungua Jumapili hashindani na diwani wa mtaa wake, anashindana na katiba.

Watetezi wa siku hiyo leo ni makanisa na vyama vya wafanyakazi kwa pamoja: upande mmoja unazungumzia ibada, upande wa pili unamzungumzia muuzaji wa dukani anayetaka kuwa na watoto wake siku ambayo na wao hawaendi shule. Berlin iliporuhusu maduka kufunguliwa Jumapili zote nne za majilio kabla ya Krismasi, makanisa yalikwenda Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe, na tarehe 1 Desemba 2009 mahakama ikaamua kwamba faida ya wenye maduka na hamu ya kawaida ya wateja kununua si sababu za kutosha kuivunja Jumapili. Siku za kazi, kwa upande mwingine, kamba imelegezwa sana. Hadi mwaka 1996 duka lilifungwa saa 12:30 jioni, na Jumamosi nyingi saa 8 mchana. Tangu mwaka 2006 kila jimbo linajipangia saa zake, na mengi yanaruhusu duka kufunguliwa usiku kucha kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, lakini Bavaria bado inashikilia saa 2 usiku.

Kuhusu njaa ya mwalimu, turuhusiwe kutia shaka kidogo. Mikahawa hufunguliwa Jumapili, waoka mikate wengi huuza kwa saa chache asubuhi, vituo vya mafuta huuza vyakula, na maduka yaliyomo ndani ya stesheni kubwa yana ruhusa maalumu. Mtu aliyeshinda na njaa Cologne, mji ambao stesheni yake kuu iko ubavuni mwa kanisa kuu lenyewe, hakumuuliza mtu.

Ni kweli mnunuzi hulipia chupa pamoja na soda, kisha hurudishiwa fedha? Na kwa nini chupa tupu alizoziona Berlin zilipangwa chini kando ya pipa la taka badala ya kutupwa ndani? (Msomaji, Nakuru)

Ni kweli, na kwa msomaji wa Nakuru aliyewahi kutumwa dukani na chupa tupu za soda jambo hili halina ugeni mkubwa. Chupa ya bia ya kurudiwa, yaani inayooshwa na kujazwa tena, hulipiwa senti 8. Chupa ya plastiki au kopo la kutumika mara moja hulipiwa senti 25 za euro. Hiyo ya senti 25 ilianza tarehe 1 Januari 2003, lakini ilitegwa tangu mwaka 1991, pale kanuni ya vifungashio iliposema kwamba vinywaji vinavyouzwa katika chupa za kurudiwa vikishuka chini ya asilimia 72, malipo ya chupa yataanza kudaiwa. Vikashuka. Leo mteja huitia chupa katika mashine dukani, mashine humpa stakabadhi, naye huipeleka kwa keshia akapunguziwa bei ya ununuzi wake au akapewa fedha mkononi.

Zile zilizopangwa kando ya pipa si uchafu. Wapo watu, wengi wao wazee wenye pensheni ndogo, wanaozunguka kukusanya chupa ili wapate hizo senti, na mpita njia asiyetaka kurudi dukani huiacha chupa yake nje ya pipa ili mwenzake asilazimike kuingiza mkono katika taka. Mwalimu aliona ni uchafuzi, na hatumlaumu, kwa kuwa Texas haina mpango huo. Lau angetoka Oregon, walioanza mwaka 1971, au Michigan, ambako kopo hulipiwa senti 10 za dola, asingelishangaa.

Ameandika kwamba serikali ya Ujerumani imezika vibao vya shaba njiani kuwakumbuka Wayahudi waliouawa. Je, ni kazi ya serikali kweli? Na yupo Mwafrika yeyote aliyekumbukwa hivyo? (Msomaji, Ilala, Dar es Salaam)

Hapa mwalimu alikosea mambo mawili. Kwanza, si mradi wa serikali. Ni kazi ya msanii Gunter Demnig, aliyeianza miaka ya 1990, na kila jiwe hugharimiwa na michango ya watu: jamaa wa marehemu, wanafunzi wa shule fulani, au wapangaji wa nyumba ambayo mtu huyo alitolewa. Lenyewe ni tofali dogo la zege lenye upana wa kama sentimita 10, juu yake bamba la shaba, na maandishi yake mara nyingi huanza kwa maneno yenye maana ya «hapa aliishi», yakifuatwa na jina, mwaka wa kuzaliwa, na yaliyompata. Jiwe la 100,000 liliwekwa Nuremberg mwezi Mei 2023. Munich, mji ambao mwalimu aliupitia, umekataa mawe hayo katika njia za umma, na aliyeyapinga kwa sauti kubwa ni kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi ya mji huo, Charlotte Knobloch, kwa hoja kwamba si heshima majina ya waliouawa kukanyagwa na viatu. Hoja hiyo ina uzito, hata kwa anayeyapenda mawe.

Pili, kati ya waliouawa na kuteswa na utawala wa Wanazi wa Hitler, hawakumbukwi Wayahudi peke yao. Wamo Wasinti na Waroma (jamii ambazo wengi huziita Wajipsi), wapinzani wa kisiasa, wagonjwa wa akili, na yumo mzaliwa wa mji wako. Mbele ya nyumba namba 193 ya mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, liliwekwa mwaka 2007 jiwe la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, na katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikishwa katika jeshi hilohilo angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake uliokuwa haujalipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa. Akabaki. Alifanya kazi ya uhudumu wa mezani, akaigiza katika filamu, na akawafundisha Wajerumani Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa bila kesi katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na humo akafariki tarehe 24 Novemba 1944. Tunaona ni vibaya kwamba Mtanzania anaweza kumaliza shule anawajua magavana wa Kijerumani, asimjue mtu huyu.

Kituo cha treni ya chini ya ardhi kilicho karibu na jiwe hilo ni Rosenthaler Platz.

Tunasafiri na watoto kutoka Minneapolis kwenda Ujerumani mwezi Julai. Je, treni ni mbovu kama anavyosema, na tubebe fedha taslimu kiasi gani? (Mama wa watoto watatu, Minnesota)

Mama, kuhusu treni mwalimu hakutia chumvi. Mwaka 2024 treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa kama asilimia 62.5 tu, na huko treni iliyochelewa kwa dakika zisizofika 6 huhesabiwa kuwa imewahi. Chanzo si uzembe wa madereva: njia za reli zimechakaa kwa miaka mingi ya kutotengewa fedha za kutosha, treni za haraka na za pole hupita reli zilezile, na sasa ukarabati wenyewe unafunga njia kwa miezi. Ukilazimika kubadilisha treni, usikubali nafasi ya dakika 7 hata kama programu ya simu inakuhakikishia. Kwa watoto watatu na mizigo, chagua inayokupa angalau nusu saa.

Fedha taslimu beba. Uchunguzi wa benki kuu ya nchi hiyo wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa zaidi kidogo ya nusu ya malipo yote yalikuwa bado yanafanywa kwa noti na sarafu, jambo linalomshangaza Mkenya aliyezoea M-Pesa kuliko linavyomshangaza Mmarekani. Hoteli na maduka makubwa hupokea kadi. Ni mgahawa mdogo, gulio na kibanda cha aiskrimu ndivyo vitakavyokukwamisha. Weka pia sarafu za senti 50 na za euro 1 mahali pa karibu, kwa kuwa vyoo vya stesheni hulipiwa. Na mnapovuka barabara subirini taa ya kijani hata kama hakuna gari: faini ya mtembea kwa miguu ni euro 5 tu, lakini mkivuka taa ikiwa nyekundu mbele ya watoto wa wenyewe, mtakaripiwa na bibi yeyote aliyesimama karibu.