Mdogo wangu amekimbilia ufukweni, shule hataki

SWALI
Shikamoo mwalimu. Nakaanga samaki sokoni Bagamoyo, na mdogo wangu namlea mwenyewe tangu mama yetu afariki. Yuko kidato cha pili. Tangu Julai anaondoka na sare, anaivua njiani, anashinda ufukweni akipakua samaki mashuani. Jioni ananiletea hela ya unga. Nimemchapa, nimemsema, wapi! Anasema darasani haelewi kitu. Nimwache tu avue?
Dada mtu, Magomeni, Bagamoyo

JIBU
Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo huo. Fimbo weka chini. Kakwambia haelewi kitu, nami namwamini.

Shule ya msingi alisoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Alipoingia sekondari, karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Nimefundisha baiolojia shule za kata za pwani hii, na vijana wa namna yake nawajua. Anajua pweza anajificha mwamba gani na bamvua linatoka lini, lakini swali la samaki likija kwa Kiingereza anainama. Akichekwa mara mbili tatu, anahamia dawati la nyuma. Baada ya hapo utoro ni suala la siku tu, maana ufukweni hakuna anayemcheka, na jioni ana hela mkononi.

Na hiyo hela, mwanangu, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kila unapoipokea anajiona ndiye mlishaji wa nyumba. Mwambie waziwazi kwamba unga ni juu yako. Akitaka kushuka ufukweni Jumamosi, mruhusu. Siku za shule hapana.

Kisha nenda kamwone mwalimu wake wa darasa, wewe peke yako kwanza. Mweleze kama ulivyonieleza mimi. Muulize pia kama kijana anadaiwa mchango wa chakula cha mchana. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016, lakini sare, madaftari na mara nyingi chakula vimebaki kwa mzazi, na kijana wa umri ule yuko radhi atoroke kuliko kusema nyumbani hakuna. Kama huna, mwambie mkuu wa shule kwamba huna. Wala usione haya.

Mtaani kwenu hakosi mwanafunzi wa kidato cha nne. Mwombe akae naye jioni, amweleze somo kwa Kiswahili mpaka alielewe, ndipo waandike maneno yake ya Kiingereza daftarini. Nimeona njia hii ikifufua watoto waliokwisha kukatiwa tamaa. Upimaji wa kidato cha pili ni Novemba, kwa hiyo anzeni wiki hii. Asipofaulu atarudia mwaka, na akubali kurudia.

Ikitokea ameshaacha kabisa, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu walioacha shule, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, warudi kwenye mfumo rasmi. Pia kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: anasoma, anafanya mtihani wa maarifa, yaani QT, kisha ule wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini njia hiyo inataka kijana anayejisukuma mwenyewe, na wako kwa sasa bado anahitaji kusukumwa. Mwone mwalimu wa darasa kwanza, halafu niandikie alichokujibu.