Aral haikukaushwa na ukame
Ndugu, umeuliza kama Bahari ya Aral, lile ziwa la chumvi kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikauka kwa ukame. Hapana, ni mikono ya watu. Mwaka 1960 ilikuwa na kilomita za mraba 68,000 hivi, karibu sawa na Ziwa Victoria. Wasovieti wakaelekeza mito ya Amu Darya na Syr Darya kwenye mashamba ya pamba. Mfereji wa Karakum, uliochota maji ya Amu Darya, haukusakafiwa, maji mengi yakanywewa na mchanga kabla ya kufika shambani! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Pale Moynaq, Uzbekistan, mji uliokuwa bandari ya ziwa hilo, meli za uvuvi zimekaa mchangani zikiliwa na kutu, katikati ya makombe ya baharini. Kazakhstan walikamilisha tuta la Kok-Aral, la kuzuia maji ya sehemu ya kaskazini ya ziwa, mwaka 2005. Upande wa kaskazini maji yamepanda na wavuvi wamerudi kazini.