Taa nane zimewaka, seva bado inatambaa

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mpiga video za harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho) hapa Malaba. Nimegeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya nyumbani, nimeiwekea mfumo wa Ubuntu na diski mbili, iko chumba cha nyuma. Kebo ya mita kama 25 inapita darini hadi kwenye swichi ya giga (kiunganishi cha kebo za mtandao, cha kasi ya megabiti 1000) iliyo sebuleni, ambako ndiko ninakohariri. Video za shughuli moja, gigabaiti 40, zinachukua karibu saa nzima kufika kwenye seva. Kasi imeganda kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi haishuki. Fundi aliyenivutia kebo aliipima, taa zote 8 zikawaka, akasema kebo ni nzima, tatizo ni kifurushi cha intaneti. Nimepanda kifurushi kikubwa na hakuna kilichobadilika. Sasa ananiambia ninunue ruta. Ninunue?
Msomaji, Malaba

JIBU: Ruta usinunue, kaka. Na kifurushi hicho kikubwa, mwezi ukiisha, rudi kwenye kile cha zamani. Video zako zinatoka sebuleni kwenda chumba cha nyuma. Hazipiti Kampala wala hazivuki mpaka kwenda Kenya. Ukitaka kuamini, chomoa waya wa intaneti kabisa, kisha nakili faili lile lile. Utaona 11 ile ile.

Hiyo 11 naijua kama jina langu, maana wiki haipiti bila mtu kuniletea. Kasi inayopanda na kushuka inaweza kuwa na sababu nyingi: diski iliyochoka, maelfu ya faili ndogondogo, seva inayofanya kazi nyingine kisirisiri. Kasi iliyoganda kwenye 11 haina mambo mengi. Waya hupimwa kwa megabiti, kompyuta inakuonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Gawa 100 kwa 8, unapata 12.5, toa anwani na mengine ambayo kila pakiti ya data inabeba njiani, inabaki 11 na kitu. Kwa hiyo seva yako na swichi zimekubaliana kuzungumza kwa megabiti 100. Zingekubaliana 1000 ungeona 110 hivi, na gigabaiti zako 40 zingefika kwa dakika 6, mradi diski inaweza kuzipokea kwa kasi hiyo.

Hakikisha mwenyewe. Kwenye seva andika amri ya ethtool ikifuatwa na jina la kadi ya mtandao (jina hilo utalipata kwa amri ya ip link), na kwenye mstari wa kasi utasoma 100Mb/s. Halafu zima seva, ibebe hadi sebuleni, iunganishe na swichi kwa kebo fupi ya kiwandani. Ila itazame kebo hiyo kwanza kichwani, yaani kwenye plagi yake: baadhi ya zile zinazokuja ndani ya boksi la ruta zina waya 4 tu, nazo haziwezi kuvuka 100 hata ufanye nini. Ikiwa na waya 8 na kasi ikaruka hadi 1000, kadi na swichi hazina kosa. Mwenye kosa yuko darini. Ikibaki 100 hata hapo, huenda kadi ya kompyuta yako mwisho wake ni 100, na kadi mpya si kitu cha kukuumiza mfuko.

Mimi nitashangaa sana kama si kebo.

Najua utaniambia taa zote nane ziliwaka. Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kale katesta ka taa kanatuma umeme kidogo wa betri kwenye waya mmoja baada ya mwingine na kuuliza swali moja tu: umefika upande wa pili? Hakaulizi umefikaje. Kamba ya chuma ya kuanikia nguo nayo ingewasha taa hizo. Mtandao wa giga hutumia jozi zote nne za kebo kwa wakati mmoja, na kila jozi inabeba data kwenda na kurudi. Mtandao wa 100 unatumia jozi mbili tu, pini ya 1 na 2, na ya 3 na 6. Ndiyo maana jozi ya buluu au ya kahawia ikiwa mbovu, au kichwa kikiwa kimebanwa nusu nusu, mara nyingi mtandao haufi. Vifaa vingi vinateremka hadi 100 na kuendelea na kazi, na mwenye nyumba anaishi hivyo miaka akilaumu kampuni ya intaneti.

Kuna baya kuliko hilo. Nyaya ndani ya kebo zimesokotwa mbili mbili kwa sababu: kelele (usumbufu wa umeme kutoka nje) inayoingia kwenye mmoja inaingia na kwa mwenzake, zikifika mwisho zinafutana. Sasa anakuja mtu na koleo lake la kubania vichwa, anapanga rangi zinavyompendeza: chungwa na nyeupe yake, kijani na nyeupe yake, buluu, kahawia. Anapanga hivyo hivyo upande wa pili. Testa inasema 1 kwa 1, 2 kwa 2, hadi 8 kwa 8, safi kabisa. Lakini pini ya 3 na ya 6, ambazo lazima ziwe jozi moja, sasa moja imetoka kwenye jozi ya kijani na nyingine kwenye ya buluu. Wasiosokotana wamewekwa wasafiri pamoja, na kelele zinawaingilia njia nzima.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya wageni ambako mafundi watatu walikuwa wameshapita na testa zao, na mwenye nyumba alishabadilisha swichi mara mbili. Nilikata kichwa kimoja nikakiweka kiganjani, nikamwita aje aone: rangi zimejipanga vizuri kama shanga dukani. Nilibana vichwa viwili vipya, na kabla chai haijapoa mtandao ulikuwa juu. Alichokisema kuhusu wale watatu sikiandiki hapa.

Mpangilio sahihi, kuanzia kushoto ukiwa umeelekeza kikamata cha plastiki chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili. Na usifungue msokoto zaidi ya sentimita moja na robo hivi; nimeona vichwa vilivyofunguliwa urefu wa kidole kizima, ganda la kebo likiwa nje linaning'inia.

Tena kuna wanaokushauri uingie kwenye mipangilio ulazimishe kadi iwe 1000. Usiguse. Kwenye giga ya shaba vifaa vyenyewe lazima vipatane kasi, hiyo ni sehemu ya kanuni zake. Ukilazimisha upande mmoja, upande wa pili unabahatisha, na unaweza kuishia pabaya kuliko hapo ulipo.

Ukishabadilisha vichwa na bado iko 100, itazame kebo yenyewe. Hili sasa nawaambia wote mnaojenga, kuanzia mwenye nyumba ya kupanga hadi mkuu wa shule. Madukani zimejaa kebo zilizoandikwa Cat6 (daraja la kebo ya mtandao) ubavuni, lakini ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Maandishi ubavuni ni wino tu, yeyote mwenye mashine anayachapa. Viwango vya kebo za mtandao vinataka shaba tupu. Alumini inazuia umeme kuliko shaba kwa zaidi ya nusu, na inakatika ukiikunja mara chache, hasa pale kichwani ulipobana. Kwenye mita 3 itakudanganya kuwa nzima. Kwenye mita 25 za dari ya mabati, mchana wa jua kali, itaanza kukuonyesha tabia zake, kwa sababu joto nalo linaongeza uzuiaji.

Kuijua si kazi. Inua boksi: shaba ni nzito mara tatu na zaidi kuliko alumini, boksi la mita 305 linalobebwa kwa mkono mmoja kama mkate lina jambo. Kisha chukua wembe, kwangua waya mmoja. Ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie muuzaji. Akikukataza kukwangua, umeshapata jibu.

Wanaoumia zaidi ni wenye kamera zinazopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo ya mtandao. Mchana kamera inafanya kazi vizuri, fundi analipwa anaondoka. Usiku taa za kuonea gizani zinawaka, kamera inataka umeme zaidi, alumini inakula sehemu njiani, kamera inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Asubuhi mwenye duka anakuta kufuli limevunjwa na picha ya mwisho ni ya saa moja jioni. Halafu ananipigia simu kuuliza aina ya kamera iliyo bora.

Kwako wewe, anza na vichwa, ni shilingi chache. Ila kabla ya kuvinunua panda darini na wembe, maana ukikuta weupe utakuwa unanunua kebo, na ukiwa unavuta mpya ipitishe mbali na nyaya za umeme.