Njia ya Iringa na masomo ya darasani

Kila likizo ya Desemba tunapanda Iringa kwa gari, watoto wakiwa kiti cha nyuma. Tangu niache kuwapa simu njiani, hesabu na sayansi wanazijua kwa namna ambayo daftari peke yake halikuwapa.

Anza na hesabu, ndiyo rahisi. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila dakika linamaliza kilomita moja. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuhakikisha mwenyewe kwa saa na vibao vya kilomita. Mkifika kijijini kwenye kibao cha 50, mwulize sasa dakika moja ni mita ngapi. Usimpe jibu hata akinyamaza kutoka Chalinze mpaka Mikese. Wangu aliniambia "mia nane na kitu", nikapokea. Hiyo 33 ya mita 833 tuliitafuta baadaye kwenye karatasi. Pale Mikumi, barabara inapokatiza hifadhi, kuna bango la faini za kugonga wanyama, zimeandikwa kwa dola. Kazi ya kuzigeuza shilingi mwachie mkubwa.

Maumbo hayahitaji maelezo mengi: onyo ni pembetatu, kibao cha kusimama kina pembe nane, wahesabu wenyewe.

Jiografia inapita na malori. Mkikutana na lori limebeba mabamba ya shaba, waambie wasome namba zake: mara Zambia, mara Kongo. Kisha uliza kwa nini mzigo huo unakuja hadi bandari ya Dar es Salaam. Atakayegundua kwamba Zambia haina bahari hatasahau tena.

Jua likiwa kali, mbele kwenye lami mtaona "maji" yanayokimbia kila mkikaribia. Hayo ni mazigazi. Hewa inayogusa lami ina joto kuliko ya juu yake, mwanga unapinda, na kinachoonekana chini ni anga. Hapo nyamaza kwanza, waache wabishane.

Jambo moja sina mzaha nalo: anayeendesha aendeshe. Maswali ni ya aliyekaa kushoto. Na mtoto akisinzia, mwache alale. Ukifanya safari nzima kuwa mtihani, mwakani ataomba simu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mlima wa Kitonga. Mkipanda kutoka Ruaha Mbuyuni masikio yanaziba, na hapo ndipo pa kuzungumzia kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyosukuma. Siku ya kurudi, mkiwa bado juu, mtoto afunge kabisa chupa tupu ya maji na kuishika mkononi. Kona baada ya kona itaanza kubonyea bila mtu kuiminya, kwa sababu hewa ya bondeni inasukuma zaidi kuliko ile aliyoifungia mlimani. Chagua chupa ya plastiki laini. Zile ngumu za juisi hazionyeshi kitu.