Zabibu, kibuyu na meza iliyopinda

Ninyi mnaoanza kuchora hapa Dodoma, zoezi la kwanza nalijua: vitu vichache mezani, chora unachokiona. Wengi hulivumilia tu wakisubiri kufika kwenye sura za watu. Nami nilikuwa hivyo. Nilinunua maua ya plastiki na matufaa ya dukani kwa kuwa ndivyo nilivyoviona vitabuni, nikatoa picha safi, imepoa kabisa.

Aliyenifungua macho ni mchoraji Mfaransa, Paul Cézanne. Itafuteni kwenye simu picha yake ya kapu la matufaa, ya mwaka 1893 hivi, iliyopo Chicago, Marekani. Ukingo wa meza wa kushoto haukutani na wa kulia, na chupa imeinama. Hakukosea. Alitazama kutoka hapa, kisha kutoka pale, akayaweka yote kwenye turubai moja. Jaribuni wenyewe: kibuyu na bakuli la zabibu juu ya kigoda. Chora kibuyu ukiwa umekaa, halafu simama uchore mdomo wa bakuli kama unavyouona kutoka juu. Usinyooshe kitu.

Mchoraji Mhispania Picasso mwaka 1912 alibandika kwenye picha kitambaa cha mpira kilichochapwa mfano wa kiti cha kusuka, akaizungushia kamba ya kweli badala ya fremu. Kwetu, ambako rangi za mafuta ni ghali, jambo hili ni mlango mkubwa. Gazeti, ukili, kipande cha kanga, kiroba cha sembe, vyote vinaingia kwenye picha. Mwanafunzi wangu mmoja alichora chungu juu ya kiroba, akaacha maandishi mekundu yapite shingoni mwa chungu. Sijaona chungu chenye nguvu kama kile.

Lakini nimpendaye kuliko wote ni mchoraji Giorgio Morandi wa Bologna, Italia. Miaka na miaka alichora chupa na makopo yaleyale. Nyingine alizipaka rangi zising'ae, na vumbi aliliacha litue. Vumbi! Hapa upepo wa Agosti unatuletea bure. Niliacha chupa tatu dirishani wiki mbili bila kuzifuta. Mng'ao ukaisha, ile ya kijani ikakaribia rangi ya udongo wa nje, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nafasi kati ya chupa mbili nayo ina umbo lake, nyembamba juu, pana chini. Tangu hapo naanza kuchora nafasi hiyo, chupa baadaye.

Kuhusu mwanga: saa sita jua letu humaliza vivuli vyote, kwa hiyo chora kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Zabibu usizioshe. Ule ungaunga mweupe kwenye ganda ndio unaoitoa zambarau iliyo chini yake, na ukiugusa kwa kidole alama haifutiki. Siku ya tatu zitaanza kunywea. Ziacheni hapohapo mezani, mtandike karatasi mpya.