Maswali ya wasomaji: taarabu za mzee ziko kwenye laptopu, sebuleni hazifiki

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Tanga. Marehemu baba aliacha kanda nyingi za taarabu, nimezihamisha zote zikawa MP3, ziko kwenye laptopu. Sasa shemeji kaniletea redio ya Squeezebox kutoka Uingereza, anasema inapiga muziki kwa waifai. Waifai inashika vizuri tu lakini laptopu haiioni, na ile sehemu ya kuingia kwenye akaunti inagoma kabisa. Imekufa? Na je itanimalizia bando, maana nanunua la wiki.

JIBU: Marahaba, na pole kwa kufiwa na mzee. Redio haijafa, tafadhali usimpe mtu! Kampuni ya Logitech iliacha kuzitengeneza tangu 2012, na huduma yao ya mtandaoni ikafungwa 2024, ndo maana akaunti inagoma, achana nayo huihitaji. Unachohitaji ni programu ya seva, yaani ile inayokaa kwenye laptopu na kuipelekea redio nyimbo. Hiyo ipo hai, wanaiendeleza watu wa kujitolea, siku hizi inaitwa Lyrion Music Server, ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Iweke kwenye laptopu, ionyeshe folda la taarabu, iache isome faili zote kwanza, kama ni nyingi kanywe chai urudi.

Bando sasa. Hapa wengi wanaogopa bure na inaniuma, maana watu wanakaa na muziki wao kwenye diski hawausikilizi. Wimbo unatoka kwenye laptopu unapita kwenye rauta (kile kifaa kinachogawa waifai) unaingia kwenye redio, basi, hautoki nje ya nyumba. Hata bando likiisha kabisa wewe unaendelea kupiga. Kinachokula bando ni stesheni za intaneti, ile ya kbps 128 (kasi ya sauti inavyotumwa) inakula kama MB 58 kwa saa moja, kwa hiyo hizo uwe nazo makini.

Haya, kwa nini redio haiioni laptopu. Ukishaweka seva kagua kwanza kama vyote viwili viko kwenye waifai moja, sio jina linalofanana tu, waifai ile ile. Rauta nyingi zina waifai ya wageni ambayo inazuia vifaa visionane, ukiweka redio huko utahangaika mpaka asubuhi (mimi nilipoteza Jumamosi nzima hivyo hivyo). Pili ni fayawoli ya Windows, yaani mlinzi anayezuia vifaa vingine kuingia kwenye laptopu, ruhusu poti (milango ya mawasiliano) 3483, TCP na UDP zote mbili, na poti 9000. Afu izuie laptopu isilale, ikilala na muziki umekata. Na ukiweza ingia kwenye rauta uipe laptopu adresi (namba yake kwenye waifai) isiyobadilika, maana umeme ukikatika ukarudi rauta inaweza kugawa adresi upya, halafu ile utakayoihifadhi kwenye simu ya kuendeshea haitafunguka tena.

Kuendesha ni kwa simu. Fungua brauza, andika adresi ya laptopu kisha nukta pacha na 9000, mfano 192.168.1.10:9000, utaona nyimbo zote. Ukitaka muonekano mzuri kwenye simu washa nyongeza inayoitwa Material Skin, kwangu mimi hiyo ndo bora kuliko zote. Ila kabla ya yote andika majina ya waimbaji na vikundi ndani ya faili, kwenye taarifa za wimbo (tagi), kanda zilizohamishwa huwa zinakuja "Track 01, Track 02" na mama hatampata anayemtaka.

SWALI: Nipo Nairobi, nina Raspberry Pi mbili (vile vikompyuta vidogo) za kupigia muziki, moja jikoni moja sebuleni, seva ni hiyo hiyo ya Lyrion. Nikiziunganisha zipige pamoja ya sebuleni inachelewa, ni kama mwangwi. Na stima zikipotea naogopa kadi za memori zitaharibika.

JIBU: Ya sebuleni umeiunganisha na spika ya Bluetooth, sivyo? Bluetooth inachelewesha sauti na seva haijui hilo. Dawa kamili ni waya, hata ule wa bei rahisi. Kama waya hauwezekani, kwenye mipangilio ya kila kichezaji kuna sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji kwa milisekunde, badilisha kidogo kidogo huku umesimama mlangoni kati ya vyumba viwili mpaka ngoma zigonge pamoja.

Kwa stima tumia piCorePlayer, mfumo wa kuigeuza Raspberry Pi iwe kichezaji cha muziki. Ikishawaka inakaa yote kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), kadi haiandikwi ovyo, kwa hiyo hata umeme ukikatwa ghafla kichezaji kinakuwa salama. Ila mashine yenye seva ni habari nyingine, ile inaandika kwenye diski mara kwa mara, hiyo ndo uitafutie UPS (betri ya akiba ya umeme), na rauta uichomeke hapo hapo.