Ramani ya dhana wanaichora, somo hawalielewi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Sayansi darasa la tano, wanafunzi zaidi ya sabini. Semina ilitufundisha ramani ya dhana, yaani mchoro wa maneno ya somo yaliyounganishwa kwa mistari, nami nikachora ubaoni ya usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, wakainakili. Kwenye jaribio wameichora vilevile, lakini nikiuliza mmea hupata wapi chakula, wengi wanasema "kwenye udongo." Nifanyeje?
Mwalimu, Singida

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ramani waliyonakili ni yako. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walibuni ramani hizi mwaka 1972 wakiwa wanafuatilia jinsi watoto wa shule wanavyoelewa sayansi. Mahojiano yalikuwa mengi mno kuyachambua, wakayageuza kuwa dhana zilizounganishwa kwa mistari. Tangu mwanzo, basi, kazi yake ni kumwonyesha mwalimu mtoto anawaza nini.

Safari hii andika ubaoni swali tu: "Mmea hupataje chakula?" Pembeni orodhesha maneno: mizizi, jani, stomata (vitundu vidogo vya jani), klorofili (rangi ya kijani ya jani), mwanga wa jua, maji, kabonidayoksaidi, sukari, oksijeni. Wagawe watano watano. Kata maboksi ya sabuni yawe kadi, neno moja kila kadi, wazipange sakafuni na kuchora mistari kwa chaki. Kadi huhamishika, kwa hiyo watabishana, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Sharti moja usililegeze: kila mstari uwe na neno juu yake, na ukisomwa utoe sentensi kamili. "Klorofili hunasa mwanga wa jua." "Kabonidayoksaidi huingia kupitia stomata." Mstari mtupu usiukubali hata kidogo, maana mtoto anaweza kuunganisha mizizi na sukari ukadhani kaelewa. Mwambie aandike neno, ataandika "hufyonza." Hapo utakuwa umeuona ule udongo wao.

Usifute. Chukueni miche miwili kwenye makopo, udongo uleule, maji sawasawa. Mmoja ukae uani, mwingine kabatini gizani. Wa kabatini utakapokuwa manjano na kulegea, liulize kundi lile: kama chakula hutoka kwenye udongo, huu umekosa nini? Kisha waachie chaki wabadilishe wenyewe.

Kundi litakalomaliza mapema lipe kadi ya "wanyama." Wakifika kwenye "oksijeni hutumiwa na wanyama" na "wanyama hutoa kabonidayoksaidi," mstari utarudi upande wa pili wa ramani. Mistari ya kukatiza namna hiyo naipenda kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyewaambia waichore.

Vipindi viwili vitakwisha, najua, na mtihani unakusukuma. Lakini usisahihishe ramani sabini. Pita kwenye makundi, waambie wakusomee mistari kwa sauti. Mwishoni kila mmoja anakili ramani ya kundi lake daftarini. Mkirudia mada kabla ya mtihani, waongeze na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, uone nani bado anadhani mizizi hufyonza sukari udongoni.